Takuro Alilala Mbele ya Mkwe

Uligeuza uso. Usikatae. Asubuhi ile ya mwezi wa tatu, stesheni ya Hachioji, mwanaume mmoja alipiga chafya kumi na moja mfululizo, na wewe ukakodolea simu yako macho kana kwamba imeanza kuhubiri. Wa kulia kwake akasogea kulia. Wa kushoto akasogea kushoto. Ikapatikana nafasi ya watu sita mahali ambapo siku zote hata mwavuli haupati pa kusimama. Mmezoea. Mnasema ni chavua tu, ule unga wa miti, mwezi wa tano itapita. Wazazi wenu walisema hivyo hivyo.

Mmesahau ilivyoanza, lakini wapo wanaokumbuka. Baada ya vita vikuu vya dunia milima ilikuwa na vipara, miti imekatwa yote. Serikali ikasema pandeni mierezi, inakua haraka, mtajengea nyumba. Vijiji vizima vikapanda, mlima baada ya mlima, mti wa aina moja tu. Halafu mbao za ng'ambo zikaruhusiwa kuingia, bei ikaanguka, misumeno ikatundikwa ukutani. Miti ikaachwa imesimama, ikakomaa, na kila baridi inapokwisha inamwaga unga wake wa manjano juu ya mamilioni ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Na nyinyi mkanunua barakoa, mkanyamaza.

Mtu mmoja hakugeuza uso siku ile. Alivaa koti la rangi ya haradali na skafu ya kijani, nywele zimekatwa zikaishia kidevuni, na miwani mikubwa ya duara iliyomfanya aonekane anashangaa hata anapopiga miayo. Aliitwa Tamaki. Aliuza miwani katika duka la ghorofa ya pili, juu ya stesheni hiyo hiyo. Alichomoa pakiti ya tishu, zile zinazogawiwa bure mlangoni zikiwa na matangazo, akamnyooshea yule mwanaume.

"Kaka, shika."

"Asante dada, ninazo za..." Chafya. "Ninazo zangu."

"Ulikuwa nazo. Hicho unachokikumbatia ni mfuko mtupu."

Mwanaume akautazama mfuko wake. Kweli, mtupu. Akapokea tishu, akajifuta, akapiga nyingine.

"Kumi na tatu," Tamaki akasema.

"Dada yangu, una kazi nyingine au ndiyo hiyo ya kuhesabu chafya za watu?"

"Nauza miwani. Na wewe?"

"Naendesha basi."

"Mungu wangu! Na macho hayo?"

"Yanaona. Yanalia huku yanaona."

Tamaki akacheka mpaka miwani ikateleza puani. Treni ilipoingia alikuwa ameshamwambia ghorofa na jina la duka. "Tuna miwani yenye kingo za pembeni," akasema. "Inazuia unga mwingi usifike machoni. Njoo, usione aibu."

Yule mwanaume, Takuro kwa jina, alikuja jioni ile ile akanunua. Alhamisi akarudi, eti skrubu imelegea. Tamaki akaipima kwa bisibisi yake ndogo.

"Haijalegea."

"Nilihisi inakaribia."

"Basi rudi Jumamosi tuone kama imefika."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Mwezi wa tano, hewa imesafika, walikwenda kula tambi za soba chini ya mlima Takao. Tamaki alivaa gauni la kitani la bluu. Akanyoosha kijiti chake cha kulia tambi kuelekea milimani.

"Unauona ule mgongo wa kijani kibichi kilichokolea? Nyuma yake ndiko kwetu. Mierezi yote ile alipanda babu, na baba akapanda baada yake. Baba aliuza safu tatu nikaenda chuo. Mtu akiisema vibaya ile miti mbele yangu, naona kama amemsema marehemu mama."

Takuro alikuwa na tambi mdomoni. Zikasimama hapo hapo.

"Miti mizuri," akasema alipoweza kumeza. "Imenyooka."

"Na chavua yako je? Hutamchukia baba yangu?" Tamaki alitania, lakini macho hayakutania.

"Chavua gani? Mimi naona inaniacha. Mwakani sitakuwa nayo."

Uongo mdogo, wa adabu, ule tunaofundishwa tangu tukiwa wadogo: usimwambie mtu kwamba zawadi yake inakuwasha.

Miezi ikapita vizuri. Walipigiana simu kila Takuro alipomaliza zamu.

"Dereva wangu, umefika?"

"Nimefika, Tama. Leo bibi mmoja amenipa chungwa, kisa nimesubiri akae."

"Umelila?"

"Nimekuwekea."

"Nakupenda wewe na chungwa lako."

Kisha ukaingia mwezi wa pili.

Nikueleze kazi ya dereva wa basi, maana wewe hupanda ukakaa bila kumtazama usoni. Kabla hajagusa usukani, kila siku, husimama mbele ya msimamizi, hupuliza kwenye kifaa cha kupima pombe, na huulizwa: umelala vya kutosha? Unaumwa? Umekunywa dawa yoyote? Kwa miaka minane Takuro hakusema uongo hata siku moja mbele ya meza ile. Kwa hiyo siku za kazi hakunywa dawa yoyote. Aliendesha na barakoa, na miwani yenye kingo, na pua iliyomenyeka kama kiazi.

Jumatano, siku yake ya mapumziko, siku ya Tamaki, ndipo alipomeza kidonge. Kilikuwa kwenye kiboksi cha njano, dawa rahisi ya duka la pembeni aliyoijua tangu shuleni. Pembeni mwake kumeandikwa kwa herufi nene: inaleta usingizi, usiendeshe gari. Na kweli chafya zilikoma, machozi yakakauka. Na Takuro naye akazimika.

Alilala sinema. Alilala mgahawani ameshika kijiko. Tamaki alikuwa akimsimulia jinsi alivyogombana na meneja wake, akafika patamu, akageuka: mwenzake kidevu kifuani.

"Takuro!"

"Naam! Na yeye akasemaje?"

"Nilimaliza zamani. Sasa hivi nilikuwa nimenyamaza."

"Samahani mpenzi. Kazi."

"Wiki iliyopita pia kazi. Zamani ulikuwa unanitazama nikila hadi naona haya. Siku hizi unanitazama unafumba macho."

Alicheka kidogo, Takuro naye akacheka. Lakini Tamaki alipofika kwake alisimama mbele ya kioo akajikagua, kama mtu anayetafuta doa asilolijua liko wapi.

Akaamua kumfurahisha. Jumanne moja, mvua ilikuwa imenyesha usiku na asubuhi jua likatoka kali, siku nzuri kuliko zote za mwezi wa tatu. Alikuwa na ufunguo wa Takuro. Akaingia, akalibeba godoro lake la sakafuni, akalitundika kwenye ukingo wa roshani, akalipiga kwa kipigio mpaka likavimba. Kwetu hakuna namna tamu zaidi ya kumwambia mtu unampenda: usiku atalalia jua. Na hakuna siku mbaya zaidi ya kufanya hivyo, maana baada ya mvua ndipo mierezi humwaga kila ilichokuwa imezuiliwa. Kama hukuwa ukilijua hilo, lijue leo.

Takuro akarudi mchana, akaliona godoro. Uso ukamharibika kabla hajauzuia.

"Nani ametoa godoro?"

"Mwizi," Tamaki akasema akitabasamu. "Mwizi wa mapenzi. Nusa, linanukia jua!"

Takuro akalivuta ndani haraka, akafunga dirisha, akafunga na pazia.

"Usilitoe tena, Tama."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari: kwa sababu mlima wa baba yako umo humu ndani. Akalimeza.

"Basi tu."

"Basi tu," Tamaki akarudia, akaiweka chini ile fimbo ya kupigia godoro taratibu sana.

Jumapili iliyofuata walikuwa na ahadi kubwa. Takuro alikuwa amebadilishana zamu, anakwenda kijijini kumwomba Mzee Yasuji ruhusa ya kumuoa binti yake. Alivaa suti nyeusi, akanunua boksi la maandazi ya kunde tamu lililofungwa kwa karatasi ya zambarau. Treni ilipoanza kuingia mabondeni akaiona: mierezi imegeuka rangi ya kutu, matawi yamelemewa, upepo ukipita wingu la manjano linainuka kama moshi wa nyumba inayoungua. Akaenda chooni. Siku zote alimeza kidonge kimoja. Siku hiyo alimeza viwili. Afadhali nife, alijiambia, kuliko kupiga chafya kwenye miti ya mkwe.

Mzee Yasuji alikuwa na miaka sabini na tatu, kidole kimoja kimebaki nusu kwa sababu ya msumeno, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Moshi wa jiko," alisema bila kuulizwa. Jiko lilikuwa limezimwa.

Akawakalisha kwenye meza fupi yenye blanketi na joto chini yake, miguu ikapata raha. Akamimina chai. Akaweka sahani ya figili alizozitia chumvi mwenyewe. Halafu akaanza kusimulia: mwaka wa kwanza walivyopanda, jinsi alivyobeba miche mgongoni akiwa na miaka minane, theluji ya mwaka gani iliivunja safu ipi. Takuro alikuwa amelikariri ombi lake wiki nzima: Mzee, nimekuja kwa unyenyekevu. Sauti ya mzee ikawa mbali. Joto likampanda magotini.

"Kwa hiyo, kijana," Mzee Yasuji akasema, "una neno la kuniambia?"

Kijana akainamisha kichwa. Mzee akadhani ni heshima, naye akainamisha chake. Kichwa cha Takuro kikaendelea kushuka, polepole, mpaka kikatua kwenye figili.

Akakoroma.

"Tamaki," mzee akasema, "huyu amekuja kuomba mke au mto?"

Kwenye treni ya kurudi, Takuro bado alikuwa na chumvi kwenye nyusi.

"Niambie tu umenichoka," Tamaki akasema.

"Sijakuchoka."

"Umelala sinema, nikanyamaza. Umelala mgahawani, nikacheka. Godoro nimelianika kwa mikono yangu, ukaliingiza kama nimelimwagia uchafu. Leo umelala kwenye figili za baba yangu! Mtu anayempenda mwenzake hupata usingizi siku hiyo?"

"Tama, nilikuwa nimechoka."

"Ndilo nilikuwa nalisubiri hilo neno."

Angeweza kusema. Maneno mawili: nilikunywa dawa. Lakini macho ya Tamaki yalikuwa dirishani, kwenye miti ya babu yake, na mpumbavu yule akaona adabu ni bora kuliko ukweli. Stesheni ya Hachioji Tamaki alishuka wa kwanza. Alimwekea ufunguo kiganjani, akaondoka na koti lake la haradali, hakugeuka.

Siku tano simu haikulia. Takuro aliendesha basi huku analia, na abiria wakasema, loo, chavua mwaka huu kali.

Siku ya sita ilikuwa sikukuu ya kuzuru makaburi, usiku na mchana vinapolingana. Tamaki alikwenda kwao kusafisha kaburi la mama yake. Akafungua mlango wa kutelezesha, akaita, kimya. Akaingia chumbani.

Mzee Yasuji alikuwa amelala. Meza ile ile, mahali pale pale, paji la uso vidole viwili kutoka kwenye sahani ya figili. Na kando ya birika la chai, kiboksi cha njano.

Tamaki alikijua kiboksi kile. Mara mbili alikiona kikichungulia mfukoni mwa koti la Takuro, akadhani pipi za koo. Akakigeuza. Akasoma herufi nene za pembeni. Akaketi chini.

"Baba. Baba!"

"Sijalala!" mzee akaropoka. "Namsikiliza!"

"Unamsikiliza nani? Hivi ni vya nini?"

"Vya... moshi wa jiko."

"Baba, jiko hili ni la umeme tangu mama yuko hai."

Mzee akajikuna shingo kwa kidole chake cha nusu. Akatazama nje, miti ikamtazama.

"Tangu lini?" Tamaki akauliza kwa upole.

"Tangu hujazaliwa."

"Miaka yote hiyo! Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nimeipanda kwa mikono hii, halafu niseme inaniua? Nimwambie nani? Jirani naye ana moshi wa jiko. Mwenyekiti wa wapanda miti ana moshi wa jiko, na yule akienda mkutanoni analala kabla ya ajenda. Wote tunajua. Hakuna anayesema." Akapiga chafya moja kubwa, ya miaka arobaini, chai ikaruka kikombeni. Akaonekana amepumua. "Daktari tunaona ni mambo ya watu wa mjini. Tunakunywa hivi, tunalala."

Kisha akakaza macho.

"Ngoja. Yule kijana. Alikunywa vingapi?"

"Sijui, baba."

"Kwa alivyoanguka, viwili." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Viwili! Ili asiniaibishe kwa chafya! Mwanangu, mimi mama yako nilimdanganya maisha yote kwa sababu hiyo hiyo. Mfuate. Nenda, hilo kaburi nitalisafisha mimi."

"Na hiyo pua?"

"Nenda!"

Tamaki alipiga simu: imezimwa. Yuko kazini. Alasiri akapanda basi la Takuro kwa mlango wa nyuma, akasogea mpaka kiti cha mbele kabisa. Pale pana kibao: usizungumze na dereva gari likiwa kwenye mwendo. Takuro alimwona kwenye kioo, mikono ikakaza usukani. Dakika arobaini Tamaki alikitii kile kibao. Alihesabu. Kituo cha mwisho, bibi wa mwisho aliposhuka na fimbo yake, basi likazimwa.

"Kumi na saba," Tamaki akasema.

"Hukuhesabu ile ya kwenye mteremko."

"Ile ilikuwa kikohozi." Akakinyanyua kile kiboksi cha njano. "Hiki nimekitoa mezani kwa baba yangu. Alikuwa amelala kwenye figili."

Takuro akageuka kwenye kiti chake. "Mzee naye?"

"Miaka arobaini. Kijiji kizima, Takuro! Sasa niambie wewe, kwa mdomo wako."

Akavua barakoa. Pua nyekundu, midomo imekauka. "Nilikunywa dawa. Kila Jumatano. Niliogopa nikisema miti yenu inanitesa, utaona nimemsema mama yako."

"Na ukaona bora nidhani hunipendi?"

"Niliona bora unione mzembe kuliko mkosefu wa adabu."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Mjinga wangu."

"Ndiyo," akasema, na safari hii machozi hayakuwa ya chavua. Akamshika mkono. Halafu akapiga ya kumi na nane.

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, mama mwenye sauti kavu. Alikisoma kiboksi cha njano akakitupa kwenye kapu. "Unaendesha basi, na miaka yote hii hujamuuliza daktari hata mmoja?" Akampa kidonge kisicholeta usingizi, kinachoruhusiwa kwa madereva, na dawa ya kupuliza puani kila siku, si siku ya kuzidiwa tu. Akasema mwakani aanze mapema, kabla chafya ya kwanza haijaja. Nguo na godoro viwe ndani. Koti lisiwe la sufi, na likung'utwe nje ya mlango, uso uoshwe mara tu mtu aingiapo. Asubuhi iliyofuata msimamizi alimuuliza, umekunywa dawa? Takuro akajibu, "Ndiyo, na hii hapa karatasi ya daktari," kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa kamba.

Alirudi kijijini akiwa macho. Alilisema ombi lake lote, hadi mwisho, bila kukosea. Mzee Yasuji akajibu kwa neno moja: "Figili?" Wakacheka wote watatu, na mzee akatoa barua aliyoiandika kwa halmashauri, akiomba safu zake za juu zikatwe na ipandwe miche isiyomwaga unga. Majirani wanne walikuwa wameshaweka mihuri yao ya kukubali. Wa tano alikuja wakimtazama, akipiga chafya waziwazi.

Mwezi wa sita, mierezi imelala, walirudi kwa daktari, Takuro kwa kidonge cha chini ya ulimi na mzee kwa ushauri. Hiyo ya chini ya ulimi ndiyo tiba inayozoesha mwili kuivumilia chavua, na huanzwa msimu ukishapita. Takuro akaweka kidonge chake cha kwanza, akasubiri dakika moja bila kumeza, macho kwa Tamaki. Tamaki alivaa lile gauni la kitani la bluu.

"Uendelee kila siku," daktari akasema, "miaka mitatu. Ikiwezekana mitano. Wengi wanashindwa kwa sababu wanasahau. Kaa hapa nusu saa tukuangalie."

Wakakaa. Takuro akamgeukia mwenzake.

"Tama. Mimi ni msahaulifu."

"Najua."

"Kila asubuhi, miaka mitano. Nahitaji mtu wa kunikumbusha. Anayeamka pale nilipo."

"Na baada ya mitano?"

"Baada ya mitano nitakuwa nimezoea kukumbushwa, siwezi kuacha."

"Mnajua nasikia," Mzee Yasuji akasema nyuma ya gazeti.

"Baba, soma gazeti lako." Tamaki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena amtazame vizuri. "Nitakukumbusha. Lakini godoro unaingiza wewe."

Sasa wewe. Umecheka, umefurahi, unataka kufunga ukurasa urudi kwenye simu yako. Hapana. Nani nyumbani kwako ana moshi wa jiko? Nani analala mchana mezani, na wewe umemwita mvivu? Mwenzako anasinzia ukizungumza, na wewe umeshaanza kutafuta ufunguo wa kumrudishia? Kachungulie mfuko wa koti lake. Muulize leo, kabla ya chakula. Mpeleke kwa daktari wakati mierezi imelala, usingoje chafya ya kwanza ya mwezi wa pili. Ukimaliza, chukua kalamu, iandikie halmashauri yako, uliza ni mteremko upi unakatwa mwaka huu na nini kinapandwa, na usikubali kujibiwa kwamba itapita. Na kesho stesheni, mtu akipiga chafya, usisogee. Una tishu mfukoni. Zitoe.